Kujiandaa na Mtihani Mpya wa AP wa Historia ya Dunia: Mwongozo kwa Watoto Wetu Walioko Marekani

Mimi nilisoma HGK Tanga. Kwa asiyejua, hiyo ni Historia, Jiografia na Kiswahili, kidato cha tano na cha sita. Insha ya historia kwetu ilikuwa na umbo moja tu: utangulizi, hoja sita, hitimisho. Ukiwa na madesa mazuri na kichwa kinachoshika, unapiga msuli, unazimwaga hoja sita kwenye karatasi, mambo yamekwisha. Kwa hiyo binti yangu alipopangiwa somo la AP la Historia ya Dunia (AP ni masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa sekondari) hapa Ohio, akiwa darasa la kumi, nilimkalisha mezani nikamwambia: mwanangu, tukariri.

Jaribio lake la kwanza la insha alipata 2 kati ya 7. Aliandika hoja nane, na zote zilikuwa sahihi. Mwalimu aliandika swali moja pembeni: unadai nini? Tulilisoma mara tatu, yeye na mimi, na hakuna aliyekuwa na jibu. Hoja zilikuwepo, dai halikuwepo. Hapo ndipo nilipoanza kujifunza upya, na sasa kila Jumamosi huwa na watoto watano au sita mezani kwangu, wa Kikongo, wa Kirundi, wa Kikenya na wa kwetu. Haya ndiyo tunayofanya, kwa mpangilio tunaoufuata.

Hatua ya kwanza: jua ni mtihani upi

Somo hili limebadilishwa zaidi ya mara moja, na vitabu vya kila toleo bado vinazunguka mitaani na kwenye maktaba za shule. Zamani lilianza takriban mwaka 8000 KK, tangu mwanadamu anaanza kulima, hadi leo. Mwaka 2018 College Board, wenye programu ya AP, walitangaza kwamba sasa lingeanzia 1450. Walimu na wanafunzi wakapiga kelele: ukianzia 1450, Afrika na Asia zinaingia jukwaani pale tu meli za Wazungu zinapotokea. Mnamo Julai mwaka huohuo wakarudi nyuma hadi 1200. Ndiyo maana leo mtoto anaikuta Kilwa ingali kwenye enzi yake, kabla haijavamiwa. Toleo hilo, lenye neno "Modern" kwenye jina, lilianza kufundishwa mwaka wa masomo wa 2019–2020. Kisha mwaka 2023 wakabadilisha namna ya kusahihisha insha, na tangu Mei 2025 mtihani unafanywa kwenye kompyuta, kupitia programu iitwayo Bluebook.

Mtihani wenyewe unachukua saa 3 na dakika 15. Unaanza na maswali 55 ya kuchagua jibu kwa dakika 55, ambayo ni asilimia 40 ya alama zote. Yanafuata maswali matatu ya majibu mafupi kwa dakika 40, asilimia 20. Halafu inakuja insha ya nyaraka, ile watoto wanayoiita DBQ, ambayo imetengewa dakika 60 na ina asilimia 25. Mwisho ni insha ndefu isiyo na nyaraka, dakika 40, asilimia 15. Alama ya mwisho ni kati ya 1 na 5.

Ukiokota kitabu cha mazoezi, kipime kwa haraka. Kikianza na Mesopotamia, ni cha somo la zamani. Kikisema maswali ya kuchagua ni 70, ni cha zamani zaidi. Kikisema lazima utumie nyaraka sita ili upate alama zote mbili za ushahidi wa nyaraka, kimeandikwa kabla ya 2023. Sasa ni nne. Kitabu cha zamani si cha kutupa, maana maelezo ya Wamongolia hayajabadilika. Lakini usikitumie kujifunza jinsi alama zinavyotolewa.

Hatua ya pili: gawanya mwaka kwa uzito wa mada

Kuna mada tisa. Mbili za kwanza zinahusu 1200 hadi 1450, mbili zinazofuata 1450 hadi 1750, mbili nyingine 1750 hadi 1900, na tatu za mwisho 1900 hadi sasa. Sasa tazama uzito: kila moja kati ya mada ya tatu, ya nne, ya tano na ya sita ina asilimia 12 hadi 15, ilhali zile nyingine tano zina 8 hadi 10 kila moja. Maana yake, karibu nusu ya mtihani au zaidi imekaa katikati, kati ya 1450 na 1900.

Kosa ninaloliona kila mwaka ni mtoto kutumia Septemba na Oktoba yote kuipamba mada ya kwanza kwa rangi tatu za kalamu, halafu Machi anakimbizana na mapinduzi ya viwanda. Jitahidi mada mbili za kwanza ziishe mapema Oktoba, ya sita iishe Februari, na wiki tatu kabla ya mtihani wa Mei usiguse mada mpya. Darasa likichelewa, video fupi za AP Classroom, tovuti ya College Board ya kujifunzia, zinafuata mada kwa mada na hazilipiwi. Mwombe mwalimu akufungulie pia majaribio ya kila mada yaliyomo humo.

Hatua ya tatu: jifunze kukihoji chanzo

Hapa ndipo tunapotumia Jumamosi nyingi kuliko mahali pengine popote. Maswali ya kuchagua huja kwa mafungu ya matatu au manne, na kila fungu lina kitu cha kusoma au kutazama: barua, ramani, picha, jedwali. Jibu halipatikani kwa kukumbuka tu, wala kwa kusoma tu. Unasoma, halafu unaunganisha na unachokijua.

Mfano wangu wa siku zote ni Ibn Battuta. Alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Aliisifu Kilwa kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa, na akamsifu sultani wake kwa ukarimu na uchaji Mungu. Watoto wakishasoma hilo wanaandika: "Kilwa ulikuwa mji mzuri." Basi nawauliza maswali manne.

Nani anasema? Mwanasheria wa Kiislamu kutoka Morocco, ambaye popote alipokwenda alipokelewa na watawala kama msomi. Anasema lini? Simulizi yake iliandikwa katika miaka ya 1350, akiwa amesharudi kwao, kwa hiyo anakumbuka mambo ya zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Anamwambia nani? Kazi hiyo iliagizwa na sultani wa Morocco. Anataka nini? Hapo watoto wanaanza kucheka, maana wameshaona: mtu anayemsimulia sultani hawezi kukosa kusifu ukarimu wa masultani.

Je, anadanganya? Hapana. Kilwa ilikuwa tajiri kweli, dhahabu iliyotoka bara kupitia Sofala ilipita mikononi mwake, na magofu ya jumba lake la Husuni Kubwa yapo mpaka leo. Lakini sasa mtoto anaweza kueleza kwa nini chanzo kinasema kinachosema, na hicho ndicho kinachopewa alama. Fanya hivi na kila kitu unachokutana nacho, hata ujumbe wa WhatsApp wa ukoo. Nani, lini, kwa nani, kwa nini.

Hatua ya nne: andika dai kabla ya kuandika insha

Dai ni sentensi moja au mbili zinazolijibu swali na kusema kwa nini. Lazima liwe kitu ambacho mtu mwenye akili timamu anaweza kukupinga. Tuseme swali ni hili: pima ni kwa kiasi gani kufika kwa Wareno kulibadili biashara ya Bahari ya Hindi kati ya 1450 na 1750.

Mtoto aliyefundishwa kama mimi ataandika: "Wareno walileta mabadiliko mengi ya kiuchumi, kisiasa na kijamii." Nani atalipinga hilo? Ukibadilisha Wareno ukaweka Waingereza au Wachina, sentensi inabaki vilevile. Haina alama.

Sasa linganisha na hili: "Ingawa Wareno walizishambulia Kilwa na Mombasa mwaka 1505 na kuwalazimisha wenye vyombo kununua vibali vya kusafiri, biashara yenyewe ilibadilika kidogo, kwa sababu wafanyabiashara wa Kiswahili, Kiarabu na Kigujarati waliendelea kubeba shehena kwa pepo zilezile, na mwishoni Waomani wakawang'oa Wareno Mombasa mwaka 1698." Hapa kuna jibu, kuna sababu, na kuna "ingawa". Hilo "ingawa" nawasisitizia sana, kwa sababu linakulazimisha uone upande wa pili kabla hujaanza.

Zoezi: chukua swali la insha la mtihani uliopita, mengi yamewekwa wazi kwenye tovuti ya College Board, uandike dai tu. Usiandike insha. Matano kwa siku kwa wiki moja yanamfaa mtoto kuliko insha mbili zilizoandikwa kwa kuchoka.

Hatua ya tano: ijue insha ya nyaraka alama kwa alama

Unapewa nyaraka saba na una alama saba za kutafuta. Swali hutoka ndani ya kipindi cha 1450 hadi 2001. Dakika 15 za mwanzo zimekusudiwa kusoma, na usizifupishe.

Dai ni alama 1. Muktadha ni alama 1: eleza dunia ilikuwaje kabla ya jambo linaloulizwa, na sentensi moja haitoshi. Kwa swali letu la Wareno, mtoto wa pwani ana bahati. Aeleze kaskazi inavyoleta vyombo kutoka Uarabuni na India, kusi inavyovirudisha, na jinsi kungoja upepo kulivyowafanya wageni wakae miezi, waoe, wajenge, na Kiswahili, lugha ya Kibantu, kikakusanya maneno ya Kiarabu njiani. Ataje safari za Zheng He, amiri wa meli za China, 1405 hadi 1433, na twiga aliyepelekwa China kutoka Malindi mwaka 1415. Sentensi nne za namna hiyo, umepata.

Ushahidi ni alama 3. Ukitumia yaliyomo katika nyaraka tatu kuhusu mada, unapata 1. Ukitumia nne kulitetea dai lako, unapata 2. Alama ya tatu ni ya ushahidi wa nje, yaani kitu mahususi ambacho hakimo kwenye nyaraka. Kunukuu peke yake hakulipi. Sema kwa maneno yako nyaraka inasema nini na inasaidiaje.

Alama 1 nyingine ni ya kukihoji chanzo, kwa nyaraka mbili. Tuseme nyaraka mojawapo ni barua ya nahodha Mreno akimwambia mfalme wake kwamba wafanyabiashara wote sasa wanatii. Usiishie kusema "ana upendeleo". Kila mtoto huandika hivyo na wasahihishaji wamelichoka. Sema: nahodha huyu alikuwa akitafuta cheo na zawadi, kwa hiyo ana sababu ya kukuza mafanikio yake, na ndiyo maana barua hii haiwezi peke yake kuthibitisha kwamba biashara ilikuwa mikononi mwa Wareno. Umeona jinsi inavyorudi kwenye dai? Isiporudi, haina faida.

Alama ya mwisho ni ya uchangamano, yaani kuonyesha kwamba jambo lina pande nyingi, na walimu wengi huwaambia watoto waisahau. Mimi sikubaliani nao, hasa baada ya mabadiliko ya 2023. Njia mojawapo ya kuipata sasa ni kutumia nyaraka zote saba vizuri kulitetea dai. Mtoto mwenye nidhamu ya kupitia zote, hata kama Kiingereza chake ni cha kawaida, anaweza kuifikia.

Majibu mafupi na insha ndefu

Hizi zinaeleweka upesi. Majibu mafupi hayahitaji dai wala utangulizi. Kila swali lina sehemu a, b na c, alama moja kila sehemu, na una kama dakika 13 kwa swali zima. Jibu, toa mfano wenye jina, eleza uhusiano, songa mbele. Andika sentensi kamili, maana orodha ya vidoti haipewi alama. Angalia swali linakutaka utaje au ueleze sababu. Watoto wengi hutaja tu pale walipotakiwa kueleza. Swali la tatu unachagua kati ya mawili: moja la kabla ya 1750, jingine la baada yake.

Insha ndefu ina alama 6, na unachagua swali moja kati ya matatu. Usichague linaloonekana rahisi. Chagua lile ambalo katika dakika mbili umeweza kuandika pembeni majina matano ya watu, mahali au matukio.

Ya kwetu yamo, lakini yatumie kwa adabu

Mtaala una mambo ya lazima na una mifano ya hiari. Katika hiyo mifano nilishangaa kuona tulivyojaa. Miji-dola ya Waswahili imo kwenye mada ya pili. Ushindani wa Oman na Wazungu katika Bahari ya Hindi umo kwenye ya nne. Kongo kutoka mikononi mwa Mfalme Leopold II kwenda kwa serikali ya Ubelgiji, mwaka 1908, imo kwenye ya sita, pamoja na Wahindi waliohamia Afrika Mashariki. Sera za uchumi za Mwalimu Nyerere zimo kwenye ya nane, na Idi Amin yumo humo pia. Wangari Maathai na Green Belt Movement yake, aliyoianzisha mwaka 1977, wamo kwenye ya tisa.

Kwa mtoto wetu huu ni mtaji wa ushahidi wa nje. Ila kuna mitego. Hadithi ya bibi si ushahidi mpaka iwe na jina na tarehe. "Ujamaa ulikuwa mzuri" au "ulikuwa mbaya" ni maongezi ya barazani. "Azimio la Arusha la 1967 lilifuatwa na kutaifishwa kwa mabenki" ni ushahidi. Na usirudie lile la vitabu vya kikoloni kwamba miji ya pwani ilijengwa na wageni. Wanahistoria wa leo wanaiona kuwa miji ya Waafrika wa pwani waliooleana na kufanya biashara na watu wa ng'ambo, na mtaala umeandikwa kwa mtazamo huo.

Neno kwa wazazi waliotoka Rwanda, Burundi na Kongo: mada ya saba ina mauaji ya halaiki, na yale ya Watutsi nchini Rwanda ya 1994 yametajwa humo. Ikiwa nyumbani kwenu jambo hilo si historia ya kitabuni, mwandikieni mwalimu mapema kabla siku ya somo haijafika. Mwaka juzi mmoja wa watoto wa mezani kwangu alikaa kimya wiki nzima, na hakuna mtu shuleni aliyejua kwa nini.

Kiingereza kisikutishe, kibodi ikutishe kidogo

Wasahihishaji huagizwa kuichukulia insha kama rasimu ya kwanza. Makosa ya sarufi hayakukati alama mradi maana inaeleweka. Kwa mtoto ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu, hii ni habari ya kumfanya alale usingizi. Andika sentensi fupi. Usitafute maneno makubwa.

Kinachowaangusha wengi ni uchapaji. Mtoto aliyezoea simu anachapa kwa vidole gumba, halafu anapewa kompyuta na dakika 100 za insha mbili. Anza Januari: dakika 15 kila siku za kuchapa kwenye kibodi kamili. Ipakue Bluebook mapema ufanye mtihani wa majaribio humo, ujue kupaka rangi kwenye maandishi na kurudi kwenye swali uliloliruka.

Kwa mzazi: pesa na tarehe

Mtihani ni wa Mei, lakini shule huagiza kufikia katikati ya Novemba, na ukichelewa kuna faini. Ada ni karibu dola 100. Familia yenye kipato kidogo hupunguziwa, na majimbo au wilaya nyingi za shule huongeza hapo, hadi wengine hawalipi kitu. Usingoje kuambiwa. Mimi nililipa yote mwaka wa kwanza kwa sababu hakuna aliyenieleza, na fomu ilikuwa mezani kwa mshauri wa wanafunzi muda wote huo. Nenda umuulize kwa mdomo wako.

Na inalipa. Hapa Ohio vyuo vikuu vya umma vinatakiwa kutambua alama 3 na kuendelea, kwa hiyo somo moja la chuo linaweza kuwa limeshapita kabla mtoto hajamaliza sekondari. Majimbo mengine yana utaratibu wao. Angalieni tovuti ya chuo mnachokitaka.

Siku yenyewe

Kompyuta iwe imejaa chaji na chaja iwe mkobani. Kwenye maswali ya kuchagua usiache tupu hata moja, maana kukosea hakupunguzi alama. Dakika moja ikiisha kwenye swali, bahatisha, weka alama ya kurudi, endelea.

Mtapewa karatasi ya kuandikia rasimu. Ikifika insha ya nyaraka, andika juu yake namba 1 hadi 7 kabla ya kusoma chochote. Kila unapoitumia nyaraka kwenye insha, kata namba yake. Zikibaki dakika tano na namba ya 6 haijakatwa, unajua sentensi inayofuata inahusu nini.